Jinsi nilivyoirudishia besi sabufa ya zamani

Sabufa ya inchi 10 niliyoitoa kwenye redio iliyoungua ilikuwa bado nzima, kwani mita ya kupimia umeme ilisoma omu 3.4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), kiasi cha kawaida kwa spika ya omu 4, na koni, ile sehemu ya mbele inayotetemeka kutoa sauti, ilicheza bila kukwaruza. Hapa Kirumba, Mwanza, niliiundia kasha la plaiwudi ya milimita 18, lenye nafasi ya ndani ya takribani lita 28, lakini besi ilitoka nyembamba, ikiandamana na mluzi kila ngoma ilipopigwa.

Nilipoisukuma koni taratibu na kuiachia, ilirudi papo hapo, ilhali katika kasha lililozibwa vizuri hurudi polepole. Nikapitisha mshumaa kwenye maungio huku muziki ukipigwa, na mwali ukayumba kwenye kona ya chini na pembezoni mwa spika. Wengi hukimbilia kujaza sponji ndani, jambo ambalo naona halifai kabla ya kuziba uvujaji wa hewa.

Nilichanganya gundi ya mbao na unga wa mbao, nikashindilia kwenye kona, nikaiacha siku mbili ikauke. Chini ya fremu ya spika niliweka pete niliyoikata kwenye tyubu ya baiskeli, kisha nikakaza skrubu kwa kupishanisha. Mluzi ulikwisha, na besi ikajaa chumba.