Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vilinisumbua miaka miwili

Nauza vitenge na nguo za watoto hapa Makambako, mzigo nilikuwa nafata mwenyewe Kariakoo kila mwezi. Miaka minne iliyopita tukiwa tunarudi basi letu lilikwepa lori lililokuwa linashuka mlima wa Kitonga, likalala ubavu. Tulikuwa tumetoka kusimama Ruaha Mbuyuni, si mnajua pale abiria wananunua vitunguu dirishani, basi zima viroba chini ya siti. Lilivolala viroba vikapasuka, na mpaka wanakuja kunitoa puani nina dizeli na vitunguu vilivopondeka tu. Dada niliyekaa naye siti moja hakutoka. Mi nilivunjika mkono, ukaunga, kila mtu akasema mshukuru Mungu na kweli nilimshukuru.

Shida ilikuja nikiwa nimeshapona. Nikikata kitunguu moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, na siyo kwamba nakumbuka ajali, hapana, nakuwa nipo mulemule ndani ya basi, namsikia yule dada anavohema. Na kwa vile kitunguu kinamtoa kila mtu machozi hakuna aliyejua mi nalia kweli. Nikaanza kupika bila kitunguu, mama mkwe akaona namdharau.

Usiku naamka mara tatu nne kuangalia kitasa cha mlango. Kanisani lazima nikae benchi la mwisho. Siku moja mfuniko wa sufuria ulidondoka nikamchapa mtoto kabla hata sijajua nafanya nini, ile sura yake mpaka leo naiona. Ila kilichoniuma zaidi, matokeo ya darasa la saba yalitoka binti yangu kafaulu vizuri, nyumba nzima vigelegele, mi nimekaa kama vile ni sherehe ya jirani. Baba Neema akaniuliza, mama Neema mbona hufurahi? Nikamwambia nimechoka.

Biashara nayo ikayumba mana basi sipandi, natuma hela kwa simu naletewa vitenge vya rangi ambazo hazitoki. Shangazi akasema nimerogwa, tukaenda kwenye maombi. Siwalaumu, maombi yalinipa usingizi siku mbili tatu, ila harufu ikirudi na mimi narudi kulekule. Nikawa nanunua vidonge vya usingizi duka la dawa, kimoja, vikawa viwili, asubuhi kichwa kizito kama jiwe.

Hospitali nilienda nikidhani nina presha. Presha ikawa sawa, moyo sawa, alafu daktari akaniuliza kitu ambacho mwaka na nusu hakuna mtu alishaniuliza: mama, kuna jambo baya liliwahi kukupata? Nililia mpaka nesi akaenda kufunga mlango, nikamuomba auache wazi.

Akanielekeza kliniki ya afya ya akili, nikakaa wiki tatu bila kwenda naogopa nikionekana pale nitaitwa kichaa. Mshauri alikuwa mama wa makamo hivi, akaniambia hii inaitwa PTSD, yaani ugonjwa wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha. Nikamwambia nimesikia hiyo ni ya wanajeshi, akasema ndio, jina liliingia kwenye vitabu vya madaktari 1980 na wanajeshi wa Marekani waliotoka vita vya Vietnam walichangia sana, ila mwili haujui vita wala basi, unajua tu kwamba ulikaribia kufa. Akasema wiki za mwanzo baada ya ajali watu wengi wanashtuka na kuota, ikipita mwezi na inaharibu maisha ndo unatibiwa. Vidonge vya usingizi tukapunguza taratibu, daktari akaniandikia fluoxetine, dawa ya sonona na wasiwasi, akanionya nisitegemee kitu wiki ya kwanza, na kweli nafuu niliiona kama wiki ya tano.

Kazi kubwa ilikuwa kusimulia. Kila nikifika "tukasimama Ruaha Mbuyuni" sauti inakata, ananisubiri, naanza upya. Alafu nikaandika vitu vyote ninavyovikwepa kuanzia chepesi. Cha kwanza kushika kitunguu kizima, basi, kushika tu. Baadae kukimenya na nisiondoke jikoni mpaka moyo utulie wenyewe, hapa ndo nilielewa kosa langu, siku zote nilikuwa nakimbia hofu ikiwa juu kabisa kwahiyo mwili ukaamini kukimbia ndo kuliniokoa. Baba Neema alikuwa anakaa mlangoni hasemi kitu, na nilitaka hivohivo.

Kisha stendi, konda mmoja akaniruhusu nikae kwenye basi lililopaki, dakika kumi, ishirini. Safari ya kwanza kwenda Njombe nilishuka njiani nikarudi na bodaboda, niliona aibu sana lakini mshauri hakunigombeza, akasema wiki ijayo rudia. Nikafika Njombe, nikafika Mafinga, Iringa. Kitonga ilinichukua miezi kumi na moja.

Bado nakaa siti ya karibu na mlango, na dereva akifunga breki ghafla jasho linanitoka. Mwezi uliopita tukitoka Dar tulisimama Ruaha Mbuyuni, watoto wakaja na ndoo zao dirishani, nikanunua vitunguu nikaweka miguuni tukapanda navyo Kitonga yote, nimeshika siti kwa mikono miwili. Nyumbani niliviacha nje siku mbili. Ya tatu nikavimenya mwenyewe, mama mkwe akaja kuchungulia sufuria.