Siku moja maishani mwangu: dada wa kompyuta, Tanga

Hapa Ngamiani ukiulizia jina langu utazungushwa, lakini ukiulizia "dada wa kompyuta" utaletwa mpaka mlangoni. Nimeacha kukanusha. Ukweli ni kwamba printa sizijui, na simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji sina dawa yake. Kazi yangu ni zile sistimu zinazokaa kwenye seva, ambazo karani anazifungua kwenye brauza asubuhi, anaingia na kuanza kuandika. Zikigoma, mara nyingi programu yenyewe ni nzima. Ubovu uko kwenye faili la mipangilio, kijifaili cha mistari michache kinachoiambia programu hifadhidata iko wapi, iingie kwa jina lipi na nenosiri gani, ipokee mafaili makubwa kiasi gani. Mtu akiligusa hilo hasemi. Ndiyo maana siku yangu nusu ni ya kusoma na nusu ni ya kuhoji watu.

Hii ni Jumanne ya wiki iliyopita.

Saa kumi na mbili asubuhi. Chai ya rangi, mihogo, simu mkononi. Napitia ujumbe ambao seva za wateja hunitumia usiku: diski imejaa kiasi gani, nakala ya akiba imepita au haikupita. Zote zimepita. Nikaoga.

Saa mbili. Mhasibu wa shule moja analalamika kwamba kila akipandisha stakabadhi alizoskani anapata ukurasa wenye namba 413. Anadhani ni mtandao. Siyo. Nginx, programu inayopokea maombi mlangoni mwa seva, isipoelekezwa vingine hukataa chochote kinachozidi megabaiti 1. Ukiilegeza hiyo, nyuma yake iko PHP, lugha ambayo programu yenyewe imeandikwa, ambayo nayo kwa kawaida yake hukubali faili lisilozidi megabaiti 2, na ombi zima lisizidi 8. Faili lake lilikuwa na megabaiti 6, kwa hiyo kulegeza Nginx peke yake kungemtoa kwenye kosa moja na kumwingiza kwenye jingine, halafu angenipigia tena. Nikarekebisha vyote, nikaendesha `nginx -t` ili Nginx isome faili lake na kuniambia kama kuna mstari mbovu kabla sijaipakia upya. Anayeruka hatua hiyo namwogopa kama dereva anayejaribu breki akiwa tayari mteremkoni. Nimemaliza kabla chai ya pili haijapoa.

Saa tatu na robo. Hapa ndipo siku ilipoharibika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sistimu imekufa. Njoo."

Mama huyu ana ofisi ya uwakala wa forodha, si mbali na bandari. Seva yake iko hapohapo ofisini, kwenye kabati chini ya ngazi, na kwa nje haifikiki. Hilo nililipendekeza mimi mwenyewe na bado naona ni sawa, ila maana yake ni kwamba nikiitwa lazima niende. Nikamtajia bei kwenye simu, akasema "wee njoo tu," nikapanda baiskeli.

Getini mlinzi mgeni akanitazama, akatazama nyuma yangu. "Fundi yuko wapi, dada?" Nikamwambia anafika sasa hivi, nikaingia.

Ndani kumechafuka. Makarani wamekaa mikono mapajani. Madereva wa malori wamesimama ukumbini wanasubiri karatasi, mmoja anaongea kwa simu kwa sauti ya mtu anayetaka asikike. Mzigo unaokaa bandarini kupita muda wake unalipiwa, na kila mtu mle ndani alikuwa anapiga hesabu hiyo kichwani. Kwenye kioo: ukurasa mweupe na namba 500, ya seva iliyokwama kwa ndani, basi.

"Nani amegusa seva?" nikauliza.

Hakuna. Makarani hakuna, mhasibu hakuna, na mtoto wa kaka yake Mama, kijana anayejua kompyuta na anayelala chumba cha nyuma, naye hakuna. Kijana akaongeza kwamba kwa maoni yake seva imekufa, na alikuwa ameshaandaa flashi ya kuisafisha na kuweka kila kitu upya. Flashi ilikuwa tayari imechomekwa. Nikaichomoa kwanza, ndipo nikakaa.

Nikafungua logi. Sistimu ile imeandikwa kwa Laravel, kiunzi cha PHP cha kutengenezea programu za kwenye brauza, na makosa yake yote huandikwa kwenye faili la `laravel.log`. Kosa la kwanza lilikuwa la jana, 19:12. Mama alikuwa amesimama begani kwangu na miwani yake.

"Saa moja na dakika kumi na mbili! Si nilisema? Saa hizo mfagiaji yuko peke yake humu na ndoo yake. Nimemkataza nyaya mara ngapi?"

Mfagiaji, mama wa makamo, alikuwa mlangoni na kila kitu alikisikia. "Bi mkubwa, wallahi hilo kabati sijalifungua."

"Utanieleza mwisho wa mwezi."

Nikamwomba Mama akae. Saa za kwenye logi ile si za Tanga. Laravel isipoambiwa vingine huandika kwa saa ya dunia, UTC, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Kwa hiyo 19:12 ni 22:12 kwetu, saa nne na dakika kumi na mbili za usiku. Kwenye faili la mipangilio mstari wa saa ulikuwa haujabadilishwa kuwa `Africa/Dar_es_Salaam` tangu sistimu ilipofungwa na watu waliokuja kabla yangu. Kwa mstari huo mmoja mfagiaji angekatwa mshahara.

"Saa nne usiku," Mama akarudia polepole. Akageuka. Mfagiaji alishaondoka kwenda kupumua. Kijana akawa anaitazama simu yake.

Sikuwa na muda wa hilo bado. Kosa lenyewe lilikuwa la hifadhidata kumkataa mtumiaji, na mwishoni mwa mstari kulikuwa na maneno ambayo watu huyaruka: `using password: NO`. MySQL, programu inayotunza hifadhidata, inapomkataa mtu husema kama aliyebisha alileta nenosiri au hakuleta. Ingesema `YES`, maana yake nenosiri limeletwa lakini si lenyewe. `NO` maana yake programu imebisha mikono mitupu.

Nikafungua `.env`, faili linalotunza nenosiri hilo. Nenosiri lipo. Refu, limekamilika, halina kasoro.

Hapo ndipo mtu asiyeijua kazi hii anapoanza kutaja wadukuzi. Mhasibu aliwataja kweli, na mmoja wa madereva akamuunga mkono. Mimi nikaangalia mstari mwingine: `APP_DEBUG=true`. Mtu alikuwa ameuwasha asubuhi ile ili aone maelezo ya kosa kwenye kioo. Lakini kioo kilikuwa hakisemi lolote zaidi ya 500. Faili linasema nenosiri lipo, programu inasema halipo. Faili linasema toa maelezo, programu haitoi. Basi programu hailisomi faili hili.

Laravel ina amri ya `config:cache`. Inakusanya mipangilio yote na kuiandika kwenye faili moja, `bootstrap/cache/config.php`, ili sistimu iwe nyepesi. Faili hilo likishakuwepo, `.env` haifunguliwi tena. Andika humo utakacho, badilisha mchana kutwa, haijali. Nikaenda kwenye folda hiyo, nalo lipo, la jana usiku. Nikaendesha `config:clear`, nikapakia ukurasa upya.

500.

"Bado imekufa," Mama akasema.

"Bado, ila sasa inasema `YES`."

Alinitazama kama nimemtukana. Nikajaribu kumweleza kwamba kosa likibadilika ni hatua, akasema yeye anataka karatasi za malori manne, hataki hatua. Ana haki yake. Simu yake ikalia, akatoka nayo nje, na sauti yake ikabaki ndani.

Sasa programu inapeleka nenosiri, na MySQL inasema hilo silo. Maana yake mtu alilibadilisha upande wa hifadhidata. Ningeweza kuingia kama msimamizi na kuweka jipya, lakini programu ya mishahara nayo huingia kwa jina hilohilo, sikujua kama imeshapewa hilo jipya, na iko kwenye kompyuta ya mhasibu aliyekuwa bado anazungumzia wadukuzi. Nilikuwa namhitaji aliyelibadilisha. Nikasema nakwenda kunywa maji, nikapita karibu na kijana bila kumtazama. Akanifuata koridoni.

"Dada, usimwambie shangazi."

Usiku alikuwa anaangalia video ya mtu anayefundisha usalama wa seva. Mtu yule akasema nenosiri zuri liwe na alama ngumu ngumu. Kijana akatunga moja, akaliweka MySQL, akaliandika kwenye `.env`, akamalizia na `config:cache` kama video ilivyosema. Sistimu ikagoma. Asubuhi akarudisha la zamani kwenye `.env`, haikusaidia. Akawasha `APP_DEBUG`, haikusaidia. Akaandaa flashi.

"Hilo jipya linaanza na nini?"

"Alama ya reli."

Basi. Kwenye `.env`, alama ya reli ikikaa bila kufungiwa ndani ya alama za nukuu, kinachofuata huhesabiwa kuwa maelezo ya pembeni, hakisomwi. Nenosiri lake lilianza na `#`, kwa hiyo lilifutika lote, na programu ikaenda mikono mitupu. Kisha `config:cache` ikauganda utupu huo. Sijui aliyetengeneza video alikusudia watazamaji gani, lakini hakuwakusudia watu wenye malori ukumbini.

Nikamkalisha aliandike mwenyewe, kwa mkono wake, ndani ya nukuu. `APP_DEBUG` tukaizima, maana ikibaki imewashwa, siku ya kosa jingine yeyote atakayefungua ukurasa anaweza kusomewa mambo ya ndani. Mstari wa saa nao nikaurekebisha. Programu ya mishahara ikapewa nenosiri jipya, makarani wakaingia, printa ikaanza kutoa karatasi, madereva wakaondoka bila kuaga.

Mama akarudi. "Ilikuwa nini?"

"Alama moja ilikaa vibaya kwenye faili."

"Nani aliiweka?"

Nikamwambia kwamba cha hakika ni kuwa si mfagiaji. Kijana akameza mate. Shangazi yake si mjinga, nadhani alishajua, ila alichagua kugeukia bei.

"Alama moja, laki na nusu?"

Hapo huwa nachoka kuliko kazi yenyewe. Ningemletea boksi jipya linalowaka taa angelipa bila neno. Tukavutana mpaka ikawa laki moja, elfu sabini taslimu, zilizobaki "jioni kwenye simu". Kabla sijatoka akasema nitupie jicho printa, inakwama karatasi. Nikamwambia printa sizijui. Akacheka, hakuamini.

Kula nilikula baadaye sana, wali wa nazi na samaki uliokuwa umeshapoa, sikumbuki saa. Alasiri kijana wa chuo anayefanya mazoezi kwangu alikuwa amekwama kwenye faili la YAML, namna mojawapo ya kuandika mipangilio: aliingiza mistari ndani kwa kitufe cha Tab, na YAML hairuhusu Tab hapo, inataka nafasi za kawaida. Kwa macho vinafanana kabisa. Nikamwonyesha jinsi ya kukifanya kihariri kionyeshe nafasi zisizoonekana, naye akaapa, kama wanavyoapa wote. Kulikuwa na mteja mwingine wa hoteli, alitumiwa mipangilio kwa WhatsApp na simu ikamgeuzia alama za nukuu zilizonyooka zikawa zilizopinda. Hiyo nayo ikaisha. Mgongo ukawa unauma.

Magharibi nikaandika taarifa ya kazi ya mchana, kwa sababu nisipoandika hakuna atakayeandika. Nilipokuwa naandika, yule kijana akanitumia ujumbe wa kushukuru, na humohumo akanitajia kitu ambacho koridoni hakukisema: asubuhi alipiga picha `.env` nzima akaitupa kwenye kundi la mafundi ili wajuzi wamsaidie. Ndani ya picha ile kulikuwa na nenosiri la barua pepe za ofisi. Nikampigia Mama, nikamwomba alibadilishe usiku uleule, na nikamsisitizia asimwandikie mtu yeyote, hata mimi. Akasema sawa, mwanangu.

Saa tatu usiku simu ikalia. Elfu thelathini zilikuwa hazijaingia. Ulikuwa ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la ofisi yao, ambamo wamo makarani, madereva wawili na mimi. Mama ameweka picha ya karatasi, nenosiri jipya limeandikwa kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, likianza na alama ya reli.

Nikaandika: "Mama, ifute hiyo picha tafadhali, sasa hivi."

Akajibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Wote ulikuwa wa printa.