Project I.G.I.: misheni 14 na daftari moja

Kuimaliza Project I.G.I. kulinichukua karibu miezi minne. Wenzangu wengi hapa Mwanza waliiacha njiani, na siwalaumu. Ni gemu ya kompyuta ya mwaka 2000, ya kunyatia na kupigana risasi ndani ya kambi za kijeshi, imetengenezwa na Innerloop ya Norwe, ina misheni 14, na ukishaingia kwenye misheni huwezi kusevu katikati. Ukipigwa risasi umebakiza hatua chache kufika mlangoni, unarudi mwanzo kabisa.

Nilikuwa nacheza usiku baada ya kufunga steshenari yetu Kirumba, kwenye kompyuta ya mtumba tunayochapia barua za wateja. Umeme ulinitesa kuliko walinzi. Siku moja, kwenye misheni ya uwanja wa ndege wa kijeshi, nilikuwa nimenyatia kwa saa nzima bila kuonekana na mtu. Feni ikaanza kuzunguka polepole, taa ikafifia, kioo kikawa cheusi. Mdogo wangu aliyekuwa amelala juu ya maboksi ya karatasi akaamka: "Kaka, wamekuua tena?" Nikamwambia umeme umekatika. Tulikaa gizani tukisikiliza mashine za mitumbwi upande wa Mwaloni, na nilikuwa na hasira ya kweli.

Kilichonivusha ni daftari. Gemu inakupa kompyuta ndogo yenye ramani, unaiona kambi yote kutoka juu na kuivuta karibu. Nikawa nakaa nje ya uzio dakika kumi au kumi na tano bila kufyatua risasi, nachora: mnara hapa, kamera pale, nyumba ya askari nyuma ya geti. Mlinzi nilimhesabia, anakwenda, anasimama, anageuka, na namba zake nikaziandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Kabla ya kumgusa mtu, natafuta kwanza kompyuta ya kuzimia kamera. AK-47 inatamanisha, ila mlio wake unaamsha kambi nzima. Bunduki ya MP5 yenye kiziba sauti ndiyo niliyoiamini.

Uzuri mkubwa wa gemu hii ni uwanja wa kuchezea. Injini yake, yaani programu inayoiendesha, ilianzia kwenye gemu ya ndege za kivita, Joint Strike Fighter, ndiyo maana ardhi ni pana hivyo na upande wa kuingilia unachagua mwenyewe. Sijakutana na gemu nyingi zinazokuachia uamuzi kiasi hicho.

Lakini kuna kasoro sijaisamehe mpaka leo. King'ora kikilia, askari wanamiminika kutoka kwenye nyumba niliyotoka kuikagua sasa hivi nikaikuta tupu. Gemu inayokudai hesabu hivyo haikupaswa kukuibia kwenye hesabu. Toleo la pili, la mwaka 2003, liliruhusu kusevu mara chache kwa kila misheni. Nililicheza pia, nikajikuta nakimbilia risasi kwa sababu najua nitarudi nilipoishia.

Misheni ya mwisho, ile ya bomu la nyuklia, niliazima UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, kwa fundi simu jirani. Nilirudia mara kumi na tisa; mistari ya kuhesabia bado ipo kwenye jalada la daftari. Mdogo wangu alikaa pembeni ananisomea zile namba za kalamu nyekundu. "Kaka, subiri. Huyu anageuka sasa hivi."

Akageuka, nikapita.