Nilivyozielewa tensi za pafekti nikiwa mapokezi, Dodoma

Niko mapokezi kwenye gesti moja hapa Area C tangu 2019. Sentensi hiyohiyo ndiyo ilinisumbua kwa Kiingereza muda mrefu. Nilikuwa nasema "I am working here since 2019", na kwa kuwa wageni walinielewa, hakuna aliyenisahihisha. Kumbe kazi iliyoanza zamani na bado unaifanya inataka pafekti, ile tensi ya have: "I have worked here since 2019".

Nilienda tuisheni ya jioni, elfu thelathini na kitu kwa mwezi. Mwalimu alitupa mambo mawili: tukariri go, went, gone mpaka ukurasa uishe, na popote penye "-me-" tuweke have. La kwanza nilishika na nashukuru. La pili linaniudhi mpaka leo.

Tulikuwa na wageni wawili waliokuja kikazi, wa Mji wa Serikali kule Mtumba. Mmoja alitoka mapema. Mwenzake akashuka kama saa nne, akaniuliza mwenzake yuko wapi. Kichwani nilikuwa na "ameenda Mtumba", nikaona "-me-", nikatafuta have, na neno been nilikuwa nalipenda sana. Nikajibu: "He has been to Mtumba." Akashukuru, akapanda ngazi. Nikamsikia anagonga chumba namba saba, cha mwenzake. Akagonga tena, polepole, kama mtu asiyetaka kumshtua aliyelala. Akashuka, akakaa kwenye kochi kumngoja. Muda wote huo ufunguo wa namba saba ulikuwa unaning'inia ukutani nyuma yangu, na mimi sielewi anangoja nini. Ilipita karibu saa nzima, mpaka mwenzake alipompigia simu kutoka hukohuko Mtumba.

Hakunigombeza. Alichukua kalamu yangu, akageuza risiti, akachora mshale unaokwenda na kurudi, akaandika been. Chini yake akachora mshale unaokwenda tu, akaandika gone. Ile risiti ninayo.

Usiku ule nilikaa nayo nikagundua kwamba Kiswahili kilikuwa kinanifundisha siku zote. Ameenda Mtumba ni gone, bado yuko huko. Amewahi kwenda Mtumba ni been, alienda akarudi. Tangu hapo nikaacha kuitafsiri "-me-" kwa njia moja tu. Amelala ni "he is asleep", amechoka ni "he is tired", have haipo kabisa. Na "nimefika jana" kwetu ni sawa, lakini kwa Kiingereza ukishataja jana, juzi au mwaka jana, have inaondoka: "I arrived yesterday". Ila hajafika ndiyo rafiki yangu: "she hasn't arrived yet".

Since na for nilizipata kwenye kitabu cha wageni, na hili sikufundishwa na mtu. Safu ya tarehe ya kuingia ni since, safu ya idadi ya siku ni for. Kila jioni nilichagua mgeni mmoja nikamwandikia sentensi mbili: "He has stayed here since Monday. He has stayed here for three nights."

Had iliniogopesha bure. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mifano ninayo kila siku. Nilipofika stesheni, treni ilikuwa imeondoka: "When I reached the station, the train had left." Ukisema "the train left", maana yake ulifika ndipo ikaondoka, labda hata ukaipungia mkono. Itakuwa imeondoka ni "will have left". Sehemu mbili kwetu (itakuwa, imeondoka), sehemu mbili kwao (will have, left)! Miaka minne ya sekondari sikusikia mtu akisema hivi, na inaniuma nikiwaona wadogo zangu bado wanakariri majedwali.

Wiki iliyopita mgeni mmoja aliniuliza kama mwenzake ametoka. Niligeuka kwanza nikatazama ukutani. Ufunguo haukuwepo, na nilikuwa nimempa mwenyewe dakika chache nyuma. Mwenzake alitoka saa mbili asubuhi, sasa amerudi. Nikamjibu: "He went out at eight, but he has come back." Akapanda, akagonga mara moja, mlango ukafunguliwa.