Siku Tuliyoingoja Liemba

Watu husema kwamba Kigoma ni mwisho wa reli, na kwa msafiri aliyepanda garimoshi Dar es Salaam usemi huo ni wa kweli, kwa maana akishateremka stesheni pale, kilichobaki mbele yake ni maji. Mimi niliyezaliwa Kigoma niliuelewa usemi huo kwa kuugeuza, kwamba reli ilianzia kwetu, na kwamba mtu aliyeamua kuondoka alikuwa na njia mbili, ya chuma upande wa mashariki na ya maji upande wa magharibi na kusini. Kila jioni isiyokuwa na ukungu niliiona milima ya Zaire ng'ambo ya ziwa, nami nikaihesabu kuwa nchi yangu ya kwanza ya kigeni, ingawa sikuwa nimeikanyaga.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya likizo ya Juni mwaka 1988, nikiwa na umri wa miaka 11. Shangazi alikuwa anarudi kutoka Kipili kwa meli ya Liemba, na babu aliniambia nifuatane naye bandarini kumpokea. Meli ilitarajiwa asubuhi. Upepo wa kusini ulikuwa unavuma tangu juzi yake, na kwa kuwa katika vijiji vingi vya mwambao hakukuwa na gati, abiria na mizigo yao walifuata meli kwa mitumbwi na kupandishwa katikati ya mawimbi, kila kituo kilikuwa kimekula saa zake. Saa nne karani mmoja alitutangazia kwamba meli itafika mchana. Mchana akatangaza jioni. Baada ya hapo hakutangaza tena, na sisi hatukumuuliza.

Nilikuwa nimebeba atlasi ya shule iliyokwisha kung'oka jalada, na babu alikuwa na kibunda cha uzi wa nyavu mfukoni, kama kawaida yake. Tuliketi kwenye kivuli, kati ya magunia ya dagaa na madumu ya mawese. Nadhani ni yeye aliyeanza. Aliniuliza, "Mke wangu, hii meli ikija, tuseme nahodha akatuambia tuchague pa kwenda, tutamwambia atupeleke wapi?" Nilimjibu kwamba Liemba haiwezi kutoka ziwani. Babu alicheka, akasema kwamba kuingia iliingia, na aliyeingia ameijua njia ya kutokea.

Hapo ndipo aliponisimulia habari ambayo watoto wengi wa Kigoma huisikia mapema, lakini mimi niliisikia kwa mtu aliyechochea moto wa boila za meli ile wakati ilipokuwa bado inaendeshwa kwa mvuke, kabla haijafungwa injini za dizeli katika miaka ya 1970. Alisema kwamba meli iliundwa Ujerumani mwaka 1913, katika mji wa Papenburg, kisha ikafunguliwa, ikatiwa ndani ya masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kuitwa Graf von Götzen. Vita vilipowageukia mwaka 1916, Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi, lakini mafundi waliipaka kwanza mitambo yake grisi nyingi, kama mtu anayekusudia kurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Babu alilitamka jina la ule mji "Papeniburugu", na mimi nililishika hivyo hivyo kwa miaka mingi.

"Basi twende Papeniburugu," nilisema. Katika atlasi yangu mji huo haukuwamo, na kulikuwa na Ujerumani mbili, ya Magharibi na ya Mashariki, kila moja na rangi yake. Nilimuuliza babu meli ilitoka katika ipi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mjerumani niliyesimuliwa mimi alikuwa mmoja." Tuliweka kidole karibu na bahari ya kaskazini, tukavuta uzi kutoka Kigoma hadi hapo, tukaupima kwa rula na kuzidisha kwa kipimo cha ramani, zikatoka kilomita 7,000 na kitu. Babu aliukata uzi kwa meno, akaufunga kifundo, akanikabidhi kana kwamba ananipa tikiti.

Safari ya pili niliichagua mwenyewe, na sababu yake ilikuwa wivu. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba Tanganyika ndilo ziwa refu kuliko yote ya maji baridi duniani, lakini kwa kina ni la pili, kwa kuwa lina mita 1,470 na Baikal, kule katika Umoja wa Kisovieti, lina mita zaidi ya 1,600. Jambo hilo lilikuwa limeniudhi. Nilitaka kwenda kulitazama ziwa lililotushinda, nijue kama watu wake nao huvua usiku kwa taa, na kama wanajua kwamba sisi tupo. Nilipomweleza babu kwamba maji ya Baikal huganda wakati wa baridi hata magari yakapita juu yake, alitaka kujua samaki hupumua vipi, nami sikuwa na jibu, kwa hiyo tukakubaliana kwamba hilo litakuwa swali la kwanza tutakalowauliza tukifika.

Mfanyabiashara mmoja wa vitenge, ambaye naye alikuwa amechoka kungoja, alikuwa anatusikiliza. Alimwambia babu, kwa heshima lakini kwa sauti ya kutushinda, "Mzee wangu, mtoto wa kike aende Urusi kufanya nini?" Babu hakumtazama. Alisema, "Kutazama ziwa," kisha akaniomba nimfungulie ukurasa wa Amerika ya Kusini.

Huko tulilikuta Titicaca, kati ya Peru na Bolivia, mita zaidi ya 3,800 juu ya usawa wa bahari, na babu alikataa kabisa kuamini kwamba kuna meli kimo hicho. Laiti angekuwa hai siku niliyosoma habari za Yavari, meli iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1862, ikapandishwa milima ya Andes vipande vipande juu ya migongo ya nyumbu, na kuelea Titicaca mwaka 1870, kabla Liemba haijafikiriwa. Papenburg pia niliijua vizuri nilipokuwa mtu mzima: ni mji wa mifereji, uko mbali na bahari kando ya mto Ems, nao umeunda meli kwa zaidi ya miaka 200. Sijafika huko, wala Baikal, ingawa hati yangu ya kusafiria imegongwa mihuri ya nchi ambazo siku ile hatukuzivutia uzi hata mmoja.

Jua lilizama nyuma ya milima ya Zaire, tukanunua mihogo ya kuchoma na migebuka miwili kwa mama mmoja aliyekuwa anazima jiko lake. Baadaye nililala juu ya magunia, nyuzi tatu zikiwa zimefungwa kwenye kifundo cha mkono wangu. Saa sita ya usiku ilikuwa imepita nilipoamshwa na honi. Meli ilikuwa inaingia na taa zake zote, kubwa kuliko nilivyoizoea mchana, na watu waliokuwa wamelala kila mahali waliinuka kwa mara moja wakaanza kuita majina ya jamaa zao.

Shangazi alishuka miongoni mwa wa mwisho, uso umemparama kwa kutapika, ndoo kichwani na kuku wawili mkononi. Alimwamkia babu, akaomba radhi kwa kutukalisha bandarini kutwa nzima.

"Hatukukaa bandarini," babu alisema. "Tulikuwa Urusi."

Shangazi alimtazama, akanitazama na mimi, kisha akanipa wale kuku niwashike.