Riziki ya popo

Assalaam alaykum warahmatullah, ndugu zangu.

Ijumaa hii tukae na aya ya sita ya Suratu Hud: "Na hapana mnyama yeyote katika ardhi ila riziki yake iko kwa Mwenyezi Mungu." Aya hii tumezoea kuikimbilia mambo yanapotubana: mshahara umechelewa, mikarafuu haikuzaa. Tunaisoma, moyo unatulia. Ni haki yetu. Lakini aliyetajwa pale ni mnyama, na mimi wiki hii nimeshindwa kumruka.

Siku ya mapumziko tulikwenda Msitu wa Ngezi, mimi na mke wangu, watoto, na bibi yao. Ukishapita Konde kuelekea Makangale, barabara inaingia msituni na joto linakatika hapo hapo. Tukapewa mwenyeji wa kututembeza, tukashika njia ya miguu, watoto katikati. Akatuonesha mivule ambayo huioni kilele, akatuonesha mipapindi, mnazi-mwitu mwembamba ambao asili yake ni kisiwa hiki cha Pemba peke yake. Misitu ya namna hii ilitanda sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya mashamba ya karafuu ya karne ya 19. Kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao lile, na miti mirefu ikazidi kupungua. Siisemi vibaya karafuu. Imetulisha na imetusomesha. Nataka tu tujue kwamba Ngezi ni kilichobakia.

Halafu tukawafikia popo. Wananing'inia matawini mchana kweupe, wekundu kama hudhurungi ya udongo wa mvua, wengine wakijipepea kwa bawa moja. Hawa si wale popo wadogo wa mapangoni. Popo wa Pemba akitandaza mbawa anakaribia mita 1.5, hula matunda na maua, na duniani kote hapatikani ila hapa kwetu. Mtoto wangu wa mwisho akanishika mkono kwa nguvu. Bibi yake akawatazama muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe hapa ndipo wanapolala wanaonimalizia maembe yangu."

Hakuwa anatania. Kila mwenye mwembe au mshelisheli Pemba analijua jambo hili: unaamka asubuhi, matunda yameumwa nusu, mengine yako chini. Mwenyeji wetu akamjibu kwa adabu, "Ndio hao, bibi. Lakini na mbegu wanazichukua wao." Akaeleza kwamba popo hula hapa akaangusha mbegu kule, na akitua kwenye maua huondoka na chavua akaipeleka mti mwengine. Sehemu ya miti tuliyokuwa tukitembea chini yake imepandwa usiku, na wasiokuwa na jembe.

Nilipofika nyumbani nilirejea hadithi ya Anas bin Malik, waliyoipokea Bukhari na Muslim: hakuna Muislamu anayepanda mti au kuotesha mazao, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, ila inakuwa kwake ni sadaka. Katika mapokezi ya Jabir yaliyomo kwa Muslim, hata kilichoibwa kinaingia. Tuitazame vizuri hadithi hii. Mpandaji hakuombwa ruhusa. Huenda alikasirika. Huenda amelala fofofo wakati embe linaliwa. Na bado anaandikiwa. Zile embe ambazo bibi amekuwa akizihesabu kuwa ni hasara miaka yote hii, kwa Mola wake zimo katika daftari jengine kabisa. Nilipomsomea, alinyamaza, kisha akaniuliza kama na mashelisheli yamo. Nikamwambia yamo.

Hapa ndipo aya ya Suratu Hud iliponigusa. Riziki ya popo iko kwa Mwenyezi Mungu, na Mwenyezi Mungu ameipitisha kwenye uwanja wa ajuza mmoja wa Wete. Na riziki ya msitu ameipitisha kwenye tumbo la popo. Sisi tumo katikati ya njia hiyo, na tunaweza kuiziba. Tuliwahi kukaribia kuiziba: popo hawa waliwindwa na miti yao ikakatwa, mpaka katika miaka ya 1990 wakahesabiwa miongoni mwa viumbe walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Waliowarudisha ni wanavijiji, wale wa Kidike wakiwemo, walioamua kulinda miti wanayolala. Wakaongezeka wakawa maelfu kwa maelfu. Mimi kazi ile naiita ibada, na wallahi sioni jina jengine linaloifaa.

Suratu An-Nur, aya ya 41, inasema ndege wakikunjua mbawa zao kila mmoja ameshajua sala yake na namna ya kumtakasa Mola wake. Watoto wetu wanaihifadhi chuoni. Wapelekeni basi Ngezi au Kidike wakaione mbawa ikikunjuliwa, wala msiwaharakishe njiani. Mtoto akisimama dakika kumi kwa jani moja, simameni naye.

Na masika yakiingia, kila nyumba ichague mti mmoja wa matunda, mwembe, mshelisheli, chochote kinachokubali udongo wenu. Mche aushike mtoto mwenyewe. Kabla ya kufukia, mfundisheni atie nia ya sadaka, awataje watakaokula: jirani, mpita njia, kunguru, na popo.