Kabla ya kununua miche, tazama visiki

Likizungumzwa suala la kurudisha uoto kwenye mashamba yaliyochoka, wengi hufikiria kitalu kwanza. Shinyanga nako mambo yalianza hivyo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, mkazo uliwekwa kwenye vitalu na upandaji. Lakini mche mchanga kwenye nchi ya mvua ya milimita 600 hadi 800, yenye mchwa na ng'ombe wengi, una kazi kubwa kuvuka kiangazi. Mabadiliko makubwa yalikuja mradi ulipogeukia vitu viwili vilivyokuwapo tangu zamani: mizizi iliyo hai ardhini, na ngitili za Wasukuma, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa kwa msimu ili uoto upumzike.

Uoto wa huko uliondolewa na watu. Enzi za ukoloni pori lilifyekwa kupambana na mbung'o, kisha pamba na mifugo vikaenea, na vijiji vilipopangwa upya miaka ya 1970 ngitili nyingi zikabaki bila msimamizi. Eneo likafikia kuitwa Jangwa la Tanzania.

Ngitili hufungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa katikati ya kiangazi, malisho ya nje yakiisha. Mifugo huingizwa kipande kwa kipande. Kanuni hupitishwa na dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma, na kusimamiwa na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Hilo la usimamizi ndilo linaloamua kila kitu, kwa sababu wiki chache za mbuzi kuingia wakati machipukizi ni laini zinatosha kufuta kazi ya mwaka mzima.

Kwenye shamba lenyewe, kazi ni ya kisiki hai, yaani kutunza machipukizi ya visiki ambavyo mizizi yake haijafa. Fanya wakati wa kiangazi, kabla miti haijaanza kuchipua. Kisiki kimoja huweza kuwa na machipukizi kumi au zaidi yanayogombania maji yale yale. Bakiza matatu hadi matano, yaliyonyooka na yenye afya, kata mengine yote. Kwenye uliyoyabakiza ondoa matawi ya chini, lakini usipite nusu ya urefu: ukiacha kishungi juu tu, upepo unavunja shina na mizizi inakosa chakula kutoka kwenye majani. Panga lipige kuelekea juu, maana ukikata kwenda chini gome linachanika na kidonda kinakaribisha wadudu. Matawi uliyokata yatandaze chini. Yanazuia jua kukausha udongo, na yakiwa ya miiba yanazuia mbuzi pia. Funga kitambaa cha rangi ili mwenye kulima au kutafuta kuni aone kwamba mti huu una mwenyewe. Kisha rudi kila baada ya miezi michache, kwa sababu kisiki hakiachi kuchipua.

Wanyama hurudi kwa kufuata mimea. Miaka ya kwanza shamba hutawaliwa na magugu kama kishona nguo, na wanaonufaika ni ndege wala mbegu na panya. Nyasi za kudumu zikishika, mwewe na nyoka hufuata panya. Ukiwa na mgunga mmoja mkubwa uliosalia shambani, usiuguse. Chunguza chini yake: mara nyingi utakuta miche ya mkole na vichaka vingine vya matunda, iliyoletwa na kinyesi cha ndege waliotua juu. Mti huo mmoja unapanda kwa ajili yako bila gharama. Hata mbuzi, akiingia kwa wakati wake, husambaza mbegu za mgunga baada ya kula makoko.

Kutoka ngitili za takriban hekta 600 mwaka 1986, eneo lilipita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliochunguza ngitili zilizorudi walihesabu aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina za ndege zipatazo 145.

Lakini kufunga eneo na kuliacha tu si dawa. Mkulajembe, kichaka cha miiba, ukiachwa husonga kila mahali, nyasi hufa kwa kivuli, na ndege wa uwandani huhama. Nyasi ndefu zisizoliwa nazo ni moto unaosubiri Septemba. Ndiyo maana napendelea ng'ombe waingie kwa zamu kuliko kuwafungia nje daima, pamoja na kupalilia njia ya kuzuia moto pembezoni kabla nyasi hazijakauka.

Kuna na fisi. Pori likirudi, naye anarudi, na wa kwanza kupoteza mbuzi ni jirani wa ngitili, ambaye pia mtama wake huliwa na ndege. Wakati huo kuni, asali na dawa huchukuliwa na kijiji kizima. Jambo hili liwekwe mezani kwenye kikao cha kwanza: nani atasaidia kujenga boma imara la miiba, nani atalinda mtama unapokomaa, na jirani huyo atapata fungu gani la ziada la malisho ngitili ikifunguliwa.